Nilivyopimwa kwa Sukari Guru Kando ya Mto Brent

Jumapili jioni, Kingsbury, huku ughaibuni. Asubuhi kijua kilitudanganya, mchana manyunyu, sasa baridi imerudi na miguu yangu iko juu ya hita.

Leo nimekalishwa kwenye mizani hekaluni, mimi upande huu, sukari guru upande ule. Nimeteremka nikiwa Muislamu vilevile. Nasema mapema kwa ajili ya wale watakaotaka kunipigia simu kabla hawajamaliza kusoma.

Nianze na Bi Kokila, maana bila yeye hakuna mizani. Ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Mhindi, Baniani, mjane, amezaliwa Wete kama mimi, ila yeye aliondoka Pemba akiwa msichana, na mimi nikazaliwa miaka mingi baada ya duka la baba yake kufungwa. Kiswahili chake ni cha Wete ya wakati ule na hakijachuja hata kidogo. Mtu akimsikia kwenye ngazi akinigombeza kwa kuacha mlango wazi, hudhani mama yangu amehamia hapa.

Kila jioni nikirudi kazini tunakunywa chai, kwake au kwangu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya nyumba za halmashauri, kazi yenyewe ni kupokea simu za watu wenye hasira, kwa hiyo chai ile naihitaji. Yangu tamu, yake bila sukari. Nilijua ana kisukari. Hakuniambia na sikumuuliza. Kwetu sisi nani ana umri ule na hana kisukari? Mama anacho, shangazi anacho, mjomba alikuwa nacho mpaka anakufa. Mtu mzima akikataa sukari huulizi, unamsogezea kikombe na kumhurumia kimoyomoyo. Wakati wa Diwali hugawa vitamu jengo zima na yeye hagusi hata kimoja. Mwaka jana nikaona nimfanyie wema, nikamnunulia zile biskuti za wagonjwa wa kisukari. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Nadhani waliozila ni njiwa.

Jumanne nilikuwa nikimsaidia kufunga vitu. Jumatano ijayo anahamia Leicester kwa mwanawe, kwa sababu magoti yake yameshagombana na ngazi na lifti yetu ni ya kubahatisha. Nikamwambia dawa zake za kisukari tuziweke kwenye mkoba wa mkononi zisije zikapotea.

"Dawa gani?" akauliza.

"Za kisukari."

"Nani ana kisukari?"

Nilibaki na sufuria mkononi. Bi Kokila akakaa juu ya boksi la vyombo, akanitazama, akatazama dirishani, kisha akaniambia.

Ni mwaka ule niliolazwa. Mapafu yalishika ugonjwa, wakanilaza usingizi wa mashine, na daktari akamwambia mama yangu ajiandae. Samira, binti yangu, alikuwa akilala kwa Bi Kokila wiki zote zile. Hayo nayajua siku zote. Nisilolijua ni kwamba Bi Kokila alikwenda kwenye hekalu lao la kando ya mto akaweka nadhiri. Zuhura, ndiye mimi, akipona, atamleta pale ampime kwa sukari guru, uzito wake wote, na sukari igawiwe watu. Na mpaka siku hiyo ifike, kitu kitamu hakitapita kooni mwake.

Nilipona. Nimerudi kazini, nimegombana na mabosi wawili, nimebadilisha makochi. Na muda wote huo yeye anakunywa chai chungu mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzo nlikuona dhaifu. Halafu ulipopata nguvu nkaona haya. We na ushungi wako, nikwambie twende mandir ukakae kwenye mizani? Nkasema basi, ntakufa nayo. Lakini nadhiri haifi na mtu, mwanangu. Humwangukia aliyewekewa. Sasa nakwenda zangu Leicester, nkuache na nadhiri juu ya kichwa?"

Alikuwa ameshamuuliza mhudumu wa hekalu kama nguo zangu zingetosha kupimwa badala yangu. Mhudumu akasema zingetosha. Bi Kokila ndiye aliyekataa. Hakumwomba Mungu nguo, alimwomba mtu.

Sasa niseme kweli, maana hapa ndipo ninaposemea kweli. Kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira. Nani alikutuma? Nani alikwambia uchukue mwili wangu ukauweke rehani mahali ambapo sijawahi kukanyaga, halafu ukae kimya ukijitesa, mimi nikikuletea biskuti? Kitu cha pili, na kilikuja nyuma yake mbio, ni uzito wangu. Nadhiri iliwekwa nikiwa mifupa mitupu. Dawa za hospitali zilininenepesha, biriani za mama zikamalizia kazi.

Nilimwambia nitafikiri, nikavuka kwenda kwangu.

Sikumuuliza shehe. Najua angejibu nini, na sikutaka kulisikia. Nilimwuliza Samira, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza huku akitazama simu. "Mum, you sit down on a thing. You sit on things all day." Kwake yeye ni kukaa tu juu ya kitu. Halafu akanyanyua macho. "She plaited my hair every morning when you were in there. Every morning." Yaani Bi Kokila alimsuka nywele kila asubuhi nilipolazwa. Akarudi kwenye simu yake.

Nikampigia mama. Anakaa Barking, na kwa mama yangu Barking ni mbali na kila kitu isipokuwa msikiti. Nikamweleza yote. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Usikanyage," akasema, na hapo ndipo ilipokatika kweli.

Nikiri na hili. Usiku ule nilimwogopa mama kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mungu nilimweleza kwenye sala na nikahisi amesikia. Mama alikuwa ameshakata simu.

Alhamisi akapiga mwenyewe, bila salamu. "Watakupaka kitu kwenye paji?" Nikasema sijui. "Kaulize." Nikavuka ukumbi nikamuuliza Bi Kokila, nikarudi. Hawatapaka. "Watakutamkisha maneno?" Nikavuka tena. Hawatatamkisha, nitakaa tu kimya kama gunia. "Na utakaa mbele ya hayo masanamu yao?" Hapo Bi Kokila aliomba muda, akampigia mhudumu wa hekalu, wakasemezana Kigujarati kwa sauti ya kununuliana samaki ingawa samaki hawali, na jibu likarudi: mizani itatolewa nje, uani, upande wa mtoni. "Na sukari ataila nani?" Haipiti madhabahuni. Inakwenda moja kwa moja jikoni kwao, ambako Jumapili hulisha yeyote anayekuja na njaa.

Mama akavuta pumzi.

"Siku yako ya saba tulikunyoa," akasema. "Nywele zikapimwa kwa fedha, fedha ikatolewa sadaka. Unajua zilipimwa wapi? Kwa sonara, Baniani. Wete nzima hakukuwa na mizani nyingine ya kupima kitu chepesi kama kile. Alizichukua kwa vidole vyake kama anachukua dhahabu, akaziweka. Nlipotaka kumlipa akakataa."

Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo.

"Ntakuja," akasema. "Kukulinda. Lakini ndani siingii, ntakaa nje."

Jioni ile nikamwambia Bi Kokila ndiyo. Alishika mkono wangu akaubana, kisha akawa mtu wa kazi papo hapo. Akachukua simu ampigie mwenye duka la Kingsbury Road alete vibonge vya sukari guru Jumapili. Akafunika simu kwa kiganja. "Kilo ngapi wewe?"

Nikamtajia uzito niliokuwa nao siku ya harusi yangu. Ndoa yenyewe ilishavunjika, lakini uzito ule bado nautumia.

Basi, leo. Mama alifika mapema akiwa na kikapu kimefunikwa kitambaa, na hakutaka mtu amsaidie kukibeba. Alipandishwa kwenye teksi nacho mapajani. Bi Kokila alivaa sari ya kijani iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Walikaa nyuma wawili wale, Samira katikati, wakazungumzia magoti njia nzima. Magoti yana mengi ya kusemwa.

Hekalu lao ni dogo. Zamani lilikuwa ghala la mataili, na ukitazama ukuta wa pembeni bado unaona jina la kampuni chini ya rangi. Mbele kuna bendera nyekundu, nyuma uwanja mdogo wa saruji, halafu uzio mfupi, halafu mto. Mto Brent si mto wa kumwandikia mtu barua. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, bata wawili, toroli ya supamaketi imelala ubavu. Kwenye uzio kuna kibao kinachoomba watu wasitupe maua mtoni, na chini yake pipa limejaa maua ya manjano.

Mama alizunguka kwa lango la pembeni akaenda kukaa kwenye benchi la uani, kikapu miguuni, tasbihi mkononi. Mimi na Bi Kokila tukaingia kwa mbele. Mlangoni tukavua viatu. Aliviweka vyangu kwenye rafu pamoja na vyake, akavipanga visigino sawasawa, kisha akanitupia jicho.

"Baniani mbaya," akasema, "kiatu chake dawa."

Nilitamani zulia linimeze. Methali ile mama huisema hata akiwa dukani kwa Wahindi, na mimi nimeisema mara ngapi bila kufikiri kwamba kuna anayeisikia. Bi Kokila akacheka hadi akashika ukuta. "Nimeanza kuisikia kabla hujazaliwa, mwanangu. Pita."

Nilipita. Ndani kulinukia udi na samli. Wanawake wamekaa chini kwenye kona wanakatakata kotimiri, mzee mmoja amesinzia akiegemea nguzo, mtoto mchanga analia na hakuna anayejali. Mbele kulikuwa na miungu yao, imevalishwa hariri na mashada. Sikujua macho niyaweke wapi, nikayaweka kwenye zulia. Lilikuwa zulia la kijani, limechakaa pale watu wanapokaa sana, sawa na lile la chuoni nilikosomea Kurani.

Bi Kokila aligonga kengele, akakunja mikono, akasimama kwa muda mrefu. Mimi nyuma yake nimeshika mkoba wake. Sikuelewa maneno yake ila moja. Nilisikia jina langu.

Nililala kule hospitali sijui mchana wala usiku, na hapa, kwenye zulia hili, mtu alikuwa akinitaja.

Uani mizani ilikuwa tayari. Chuma cha kusimama, boriti juu yake, na vitanga viwili vya mbao vinaning'inia kwa minyororo, kila kimoja kikubwa cha kumtosha mtu kukaa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikakaa kwenye kitanga changu, kikashuka chini kwa haraka isiyo na adabu, na Samira akaanza kupiga picha. Mhudumu wa hekalu, baba mmoja mpole aliyevaa koti la mvua juu ya nguo zake nyeupe, akaanza kupanga vibonge vya sukari guru upande wa pili. Bi Kokila alitaka kuweka kila kimoja mwenyewe, mgongo ukakataa, akawa anakigusa tu kabla hakijawekwa. Watu walikuwa wametoka jikoni na kusimama wakitazama. Hakuna aliyenicheka.

Vibonge vikapanda. Minyororo ikalia. Mimi niko chini.

Vikaendelea kupanda. Kisha vikaisha.

Mimi bado niko chini, miguu imekanyaga saruji.

Mhudumu alisema kwa upole kwamba labda mizani imelegea, akaitikisa. Haikulegea. Bi Kokila alitazama maboksi matupu, akayapindua, akatazama ndani tena. Uso wake ulibadilika na hapo nikaogopa. Kwangu mimi ilikuwa aibu tu. Kwake yeye ilikuwa jibu. Amengoja miaka, amemleta mtu, ameleta sukari, na imekataa kutosha.

"Nilidanganya," nikasema. Kwa sauti, mbele ya wapishi wote. "Bi Kokila, nilidanganya uzito. Si Mungu, ni mimi."

"Oh my God, Mum," Samira akasema, na safari hii aliacha simu.

Mwanamke mmoja akakimbilia jikoni akarudi na mfuko wa sukari. Bi Kokila akatikisa kichwa. Sukari ile ni ya hekalu, ni mali ya Mungu tayari, na huwezi kumlipa mtu kwa kitu ulichochota ghalani kwake. Mwenye duka ameshaondoka na gari lake. Bi Kokila akasimama pale na sari inalowa, mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona ni mzee.

Ndipo mama aliponyanyuka kwenye benchi.

Aliweka tasbihi mfukoni. Akainua kikapu chake, akaja nacho polepole akivuka uwanja ule, akasimama mbele ya kitanga cha sukari na kuondoa kitambaa. Ndani mlikuwa na halua, vijikapu vya ukindu vimefungwa vizuri, aliyoletewa na mgeni kutoka nyumbani. Nikaelewa kuwa alikuwa amekuja nayo kumuaga Bi Kokila.

"Halua inafaa?" akamuuliza.

"Ya wapi?"

"Ya Wete."

Bi Kokila hakumtazama mhudumu wala hakuuliza mtu. "Inafaa. Kitamu ni kitamu."

Mama akaweka cha kwanza. Akaweka cha pili. "Mmepunjwa nyie," akasema huku akiinama kuchukua kingine. "Huyu mie nimemzaa. Uzito wake naujua."

Kilipoingia cha mwisho, na kikapu chenyewe juu yake, kitanga changu kilitikisika. Visigino vikaachana na saruji, kisha vidole. Nikabaki ninaelea hapo, mto mbele yangu, bata wamepita. Watu wakasema maneno yao kwa pamoja. Mama akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya kushindana. Mimi nililia. Nililia kwa kelele na makamasi, mtu mzima ananing'inia kama ndizi sokoni, na wala sikuona haya.

Waliponiteremsha, mhudumu alimmegea Bi Kokila kipande cha sukari guru. Alikipokea, akakigusisha kwenye paji la uso, akakifungia kwenye pindo la sari. Kisha akafungua kijikapu cha halua, akachota kwa kidole na kutia mdomoni. Akafumba macho. Hakutafuna. Tulisimama mvuani tukimtazama kana kwamba tunangoja matokeo ya mtihani.

"Wamezidisha iliki," akasema.

"Miaka yote hujaonja kitamu na bado unachagua!" Mama alikasirika kweli, na alikasirika mpaka kwenye teksi, na Bi Kokila akala mpaka kwenye teksi.

Sukari guru mimi sikuila. Mama alikuwa akinitazama, na pengine nisingeila hata asingekuwepo. Nimerudi nyumbani, nimeswali, nimeomba msamaha kama nimekosea. Sijui kama nimekosea. Huenda nikaja kujua, huenda nisijue. Ninachojua ni kwamba kuna mtu aliyenitaja kwa jina nilipokuwa siwezi kuitika, na leo nimeitika.

Samira ametuma picha kwa ukoo mzima. Niko chini kwenye picha zote.

Jumatano Bi Kokila anaondoka. Tumebakiwa na jioni mbili za chai, na leo nimegundua jambo moja la ajabu nilipokuwa naosha vikombe. Nimekuwa nikimtengenezea chai mtu huyu kwa miaka, naujua ukali anaoutaka, naijua tangawizi yake, nakijua kikombe chake.

Kesho nikitoka kazini nitamgongea mlango, na itabidi nimuulize, kama mgeni: Bi Kokila, vijiko vingapi?